Refa Wako Akipigiwa Simu Sasa Hivi, Atasema Nini?

Wengi mmeniomba niandike yale niliyoongea Jumamosi pale ukumbini Nyegezi, maana mvua iliwakwamisha wengine Buhongwa na wengine mlikuwa kwenye usaili. Kwa wanaoomba slaidi, hazipo, projekta iligoma tangu mwanzo nikaongea tu kama mama jikoni. Nimeandika kama nilivyoongea, nimepunguza vicheko.

Wadogo zangu, wanangu, wazazi mliowasindikiza watoto, shikamooni wakubwa, vijana mambo vipi. Mpo? Wa nyuma mbona hamjaitikia, mnadhani kazi zitawafuata hukohuko kwenye viti vya mwisho? Haya.

Naomba kila mwenye CV kwenye simu yake aifungue sasa hivi. Usisome kuanzia juu, juu najua umepapamba. Shuka mpaka chini kabisa, ukurasa wa mwisho, pale ulipoandika ukiwa umeshachoka na kitonge cha bando kinakaribia kuisha. Kuna majina matatu pale, si ndiyo? Sasa swali langu la leo ni moja. Hao watu watatu, mmoja wao akipigiwa simu sasa hivi, yuko sokoni au yuko kwenye daladala amebanwa na kuku, atasema nini juu yako?

Nyosha mkono kama umeongea na hata mmoja wao ndani ya miezi sita hii. Nahesabu... saba. Humu ndani tupo karibu tisini jamani. Saba!

Kwanza tuliweke neno sawa kwa sababu neno lenyewe limeshaponza watu. Mkisoma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira mnakuta uambatishe CV yenye anwani inayofanya kazi, namba za simu zinazoaminika na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Wadhamini. Sasa nina mtoto wa dada yangu alipomaliza chuo akaenda mpaka Sengerema kwa baba yake mdogo, akamwambia baba naomba uwe mdhamini wangu. Mzee akaweka kikombe chini. Akasema, "Mwanangu, mimi nilimdhamini mtu mkopo wa kikundi, wakaja wakabeba friji yangu nikiwa naiangalia. Sitaki." Kijana akarudi amenuna wiki nzima, eti baba mdogo hampendi.

Baba mdogo hana kosa. Kuna kazi kweli wanataka mdhamini wa namna hiyo, kazi za keshia, wakala wa pesa za simu, stoo, ulinzi, udereva, pale mdhamini anajaza fomu, anabandika picha, anatoa nakala ya kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa, na ukitoroka na mauzo yeye ndiye anayegongewa mlango usiku. Huyo ni mdhamini wa dhamana. Lakini yule wa chini ya CV haweki friji wala hati ya kiwanja, anapigiwa simu, anasema anachokijua, anakata. Ndio maana mimi leo nitamwita refa, na sio yule wa Simba na Yanga anayetukanwa na pande zote mbili. Ukienda kumuomba mtu, mwambie ni ipi kati ya hizo mbili. Halafu baba mdogo hakufaa hata hivyo, ni ndugu, na mwajiri akiona majina ya ukoo yanafanana hapigi hata simu.

Sasa tuingie. Nimekaa kwenye ofisi za HR miaka kumi na tisa, Dar na hapa Mwanza, na kazi yangu mojawapo ilikuwa ni kupiga hizo simu. Siku moja tulikuwa tunatafuta msaidizi wa manunuzi, wamebaki wawili, kijana na binti, na kwenye intavyuu kijana alikuwa mbele, anaongea vizuri, shati limenyooka. Refa wake wa kwanza mkurugenzi, jina limeanza na Dokta, cheo kimeandikwa kwa herufi kubwa. Nikapiga, sekretari akasema yuko kikaoni, nikapiga tena, kikaoni, mara ya tatu nikampata.

"Nani umesema?"

Nikataja jina.

"Wa wapi huyo?"

Nikataja tena na ubini.

"Aaah, huyo nadhani mama yake tunasali naye. Ni kijana mzuri, anatoka familia nzuri."

Nikamuuliza aliwahi kufanya kazi chini yako mheshimiwa? "Hapana, hapana, ila ni kijana mzuri." Sasa mimi nina fomu mbele yangu, inauliza mlifahamiana vipi, kwa muda gani, alikuwa anafanya nini hasa, kipi kilikuwa kinamshinda, aliondoka kwa nini, ungemchukua tena? Nikaandika "kijana mzuri" kwenye mstari wa kwanza, kwingine kote nikaweka vistari. Ndivyo fomu ilivyopanda kwa bosi.

Binti refa wake alikuwa mkuu wa stoo wa kiwanda cha kuchambua pamba, mzee hana hata imeili, jina bila cheo chochote. Nikapiga mara moja akapokea. Nikamtajia jina, akacheka. Akasema huyu alikuja field kwangu wiki nane, wiki ya pili tu kadi ya stoo inasema magunia ya mbegu 140 yeye akaenda ndani akakuta 126, na unajua hakusema mbele za watu, alingoja wenzake watoke kula ndio akaja akaniambia mzee wangu, hebu twende tukahesabu tena. Tukahesabu. Magunia 14 yalitolewa karani hakuandika. Mzee akaniambia, "Nina vibarua wa miaka sita wasingeenda kuhesabu."

Simu nzima dakika nne. Nani alichukua kazi? (Binti!) Enhee.

Kwa hiyo kabla hujaandika jina la mtu jiulize, huyu amewahi kuniona nikifanya kazi? Mbunge wenu, amewahi kukuona ukifanya kazi? Yule rafiki wa baba mwenye gari nyeupe, amewahi kukuona ukifanya kazi? Kama hajakuona atasema nini zaidi ya kijana mzuri, na vijana wazuri tunao meza nzima.

Najua kuna mtu anasema moyoni lakini mama mimi sijawahi kuajiriwa. Sawa. Field ulienda? Aliyekusimamia field ndio huyo, sio meneja aliyekusainia logibuku siku ya mwisho bila kukutazama usoni, ni yule aliyekuwa anakutuma. Chuoni chukua mhadhiri aliyekusimamia ripoti yako, aliyekurudishia sura ya tatu mara nne, mkuu wa chuo hakujui. Ulijitolea kufundisha? Mwalimu mkuu wa ile shule. Ulikaa dukani kwa mtu, uliweka vitabu vya kikundi cha kuweka na kukopa, ulikuwa JKT afande akakukabidhi jiko? Wote hao ni marefa. Padre, mchungaji na shehe nao wanafaa, ila kama ulifanya kazi pale, ulisimamia ujenzi, uliandika mapato, maana shehe akisema unaswali swala tano HR atasema mashallah lakini kwenye fomu hakuna mstari wa hilo.

Mpo? Tuendelee.

Umeshachagua. Umemwambia? Hapa ndipo wengi mnapoumia. Nilishampigia refa mmoja, mwanaume mtu mzima, nikajitambulisha natoka kampuni fulani naomba kuuliza kuhusu kijana fulani. Akashtuka kabisa nikasikia gari linapunguza mwendo, akaniambia, "Amefanya nini?"

Jamani. Refa akianza na "amefanya nini", mimi ninayepiga nasikia nini? Na mzee wa watu hakuwa na ubaya, alipotulia alimsifia vizuri tu, lakini hakujua kama jina lake lipo kwenye CV ya mtu, kakaa kama mtu aliyeitwa polisi.

Mwingine nilipiga kwa refa ambaye kwenye CV ni mwalimu wa Morogoro, akapokea mama nasikia mafuta yanachemka. "Mwanangu hapa ni Tunduma, mimi nauza chapati, hii laini nimeisajili mwaka juzi, huyo mwalimu watu wanamtafuta kwangu kila mwezi, hebu waambieni wabadilishe namba." Laini isipotumika muda mrefu mtandao unamgawia mtu mwingine, na kijana CV yake ni ileile ya mwaka wa mwisho chuoni anabadilisha tarehe tu. Nilimpigia mwenyewe nikamwambia nenda katafute mwalimu wako. Wangapi watafanya hivyo? Wengi wanaweka CV pembeni wanachukua inayofuata.

Na mjue namba ya mtu ni mali yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, simu na imeili ya mtu ni taarifa zake, sio za kumwaga kwenye kila grupu la wasapu lenye jina Ajira Mpya Leo. Nina rafiki ni mhadhiri, alipigiwa simu kwamba mwanafunzi wako amepata kazi, yuko kwenye vipimo vya afya hapa amepungukiwa elfu hamsini, msaidie mwalimu. Jina la mwanafunzi kweli, kozi kweli, mwaka kweli. Walitoa wapi? Kwenye CV yake mwenyewe aliyoimwaga. Mwalimu alishafungua menyu ya kutuma, bahati mke wake akamuuliza unamtumia nani. Tangu siku hiyo hataki kuwa refa wa mtu, na wanafunzi wake wa leo wanalipia kosa la mwenzao. Kwa hiyo fomu ikidai majina, kama za serikali, weka, ila hizi CV unazosambaza huku na huku andika marefa watatolewa wakihitajika, basi.

Sasa kumwambia kwenyewe. Yule binti wa stoo alinionyesha baadaye meseji aliyomtumia mzee, nikaomba ruhusa niitumie kufundishia, nimebadilisha vitu vidogo tu. Andikeni au mpige picha:

"Shikamoo mzee wangu. Ni mimi yule wa field wa stoo, Julai mpaka Septemba, tuliyehesabu mbegu pamoja. Nimeitwa usaili wa msaidizi wa manunuzi hapa Mwanza. Naomba ruhusa nikuweke kama refa, hakuna dhamana ya pesa wala kusaini kitu, wanaweza kukupigia simu tu. Kama huna nafasi au unaona hautakuwa na mengi ya kusema niambie tu mzee wangu, sitaona vibaya. Tangazo na CV nimekutumia hapa chini, naona wanaangalia sana utunzaji wa kumbukumbu. Namba yako bado ni hii? Na saa ngapi wakipiga unakuwa na utulivu?"

Angalieni alivyomkumbusha mbegu. Mzee amepokea vijana wa field thelathini, ukiandika "ni mimi mwanafunzi wako" atajua ni yupi? Halafu amemwambia kazi yenyewe wanaangalia nini, hajamwambia aseme nini, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Nimeshapiga kwa marefa wawili wa mtu mmoja, mmoja Arusha mwingine Dodoma, wote wakaniambia "ni mchapakazi anayeweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu bila kusimamiwa". Neno kwa neno, mpaka pumzi wamepumzia palepale. Tulicheka ofisini, tukamaliza kucheka tukaitoa ile CV. Na wale wa kumpa rafiki elfu kumi ajifanye meneja sitaki hata kuwazungumzia, muziki wa baa unasikika nyuma saa tano asubuhi, mtu anasema "niko ofisini madam".

Lakini sentensi iliyonifurahisha mimi ni ile ya "kama unaona hautakuwa na mengi ya kusema niambie". Unajua sisi kwetu mtu hakwambii hapana. Ukimuomba jambo usoni anasema haina neno. Anasema tutaona. Anasema we weka tu. Sasa ile "we weka tu" ina namna mbili za kutoka. Kuna "we weka tu mwanangu, kwani ni lini wanapiga?" huyo yupo na wewe. Na kuna "aah... we weka tu", macho yako kwenye simu, huyo amekukatalia kwa adabu na wewe hujasikia. Mpe mlango wa kutokea. Akiutumia mshukuru, kakuokoa.

Maana mimi nimempigia huyo wa pili. Alijibu yote vizuri, alifika saa ngapi, alifanya nini. Nikamuuliza swali langu la mwisho, ungemchukua tena? Kimya. Nikasikia feni. Nikasikia kiti kinalia. Halafu, "Aah... ni kijana mpole." Mpole! Mimi nimeuliza ungemchukua tena, yeye ananiambia mpole. Sikuandika kitu, nikafunga kalamu.

Haya, swali ambalo huwa mnaniuliza pembeni kwa aibu, sasa nalijibu hadharani. Bosi wa mwisho tuligombana, nifanyeje? Mwaka 2009 mimi mwenyewe niligombana na bosi wangu Dar, ofisi siitaji, ugomvi ulikuwa wa posho za kina mama wa usafi, nilisema nilichosema na niliondoka bila hata chai ya kuagwa. Nikakaa mwaka mzima naruka ile kazi kwenye CV. Miaka mitatu ya maisha yangu nimeificha kama mimba. Kila intavyuu wananiuliza, hapa katikati ulikuwa wapi? Nababaika.

Mwisho nikaenda kwa mhasibu mkuu wa ileile ofisi, ambaye kila mwisho wa mwezi nilikuwa namletea mishahara na anajua sikuwahi kukosea hata shilingi, nikamuuliza unaweza kunisemea? Akasema naweza na nitasema ukweli, una mdomo lakini hesabu zako safi. Nikamwambia hivyohivyo. Intavyuu iliyofuata nikawaambia kabla hawajauliza, bosi wangu wa mwisho hatukuachana vizuri, mkimpigia ana haki ya kusema yake, ila mhasibu mkuu nimefanya naye miaka mitatu namba yake hii. Mama mmoja kwenye paneli akatabasamu. Nilikaa ile kazi miaka sita.

Na hata mkigombana kuna kitu hawezi kukunyima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, ajira ikiisha mwajiri anatakiwa akupe cheti cha utumishi, karatasi ya kuthibitisha kwamba ulifanya kazi pale. Kenya nao wanacho kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, na wao wamesema wazi kabisa kwamba mwajiri halazimishwi kukuandikia barua ya sifa. Kwa hiyo cheti unadai, sifa unaomba. Wengi humu mnafanya kinyume, mnadai sifa, cheti mmeacha kwenye droo ya HR.

Upo kazini sasa hivi na unatafuta kwingine? Andika pale chini, mwajiri wa sasa asipigiwe bila kuniuliza. Wanaelewa, kila mtu anaelewa.

Na wanaoomba nje, binti mmoja nesi aliomba Uingereza kwenye hospitali zao za umma, NHS, wale wanataka marefa wanaofunika miaka 3 iliyopita ya kazi au masomo, na wanapenda imeili ya ofisi, Gmail wanaitilia shaka. Matroni wake alikuwa hajawahi kufungua imeili ya hospitali, wakahangaika wiki mbili na mtu wa kompyuta kutafuta neno la siri. Anzeni mapema.

Cha mwisho, ukishapata jibu mwambie refa wako, ukipata mwambie, ukikosa mwambie. Yule mzee wa pamba alinilalamikia kwenye simu, "Mama nimeshapigiwa kwa ajili ya vijana wanne, sijui hata mmoja kama alipata." Mtu anakusemea halafu unampotea, kesho akiona namba ngeni atapokea?

Tuna dakika kumi kabla ya soda. Sitaki maswali. Toa simu, chagua mmoja kati ya wale watatu, andika meseji sasa hivi, na wewe wa shati la bluu mstari wa pili nakuona unasubiri wenzako.

(Naongezea hapa kwa ambao hamkuwepo. Wa shati la bluu alinyosha mkono akasema mama mimi nilikuwa masijala mwaka 2021, miezi mitatu tu, bosi yule hawezi kunikumbuka. Nikamwambia andika. Akaandika kwa shingo upande. Soda zilikuwa zimefika kwao, kashika fanta mkono mmoja, simu ikatetemeka, akaja nayo mbele kunionyesha bila kusema kitu. Imeandikwa: "We si ndiye yule uliyepanga majalada ya kijani? Nilikutafuta mwaka mzima kulikuwa na nafasi, ulibadilisha namba. Nipigie kesho saa nne.")